Deni la Wateule: Tabora na Shule za Wanafunzi Wenye Vipawa

Miongoni mwa mambo ambayo kila umma hauna budi kuyaamua, kwa kukusudia au kwa kughafilika, ni jambo la mtoto aliyejaaliwa akili pevu kuliko wenzake: atafutwe vipi, asomeshwe wapi na nani, na akisha kusomeshwa adaiwe nini na wale waliobaki nyuma ili yeye apate kwenda mbele. Wahenga wa pwani waliposema kwamba chanda chema huvikwa pete walitoa nusu ya jawabu, yaani kwamba wema hustahili tuzo; nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, yaani kwamba pete hiyo ni mali ya nani na imetoka katika hazina ya nani, waliviachia vizazi vilivyofuata. Katika Afrika ya Mashariki jawabu hilo limekuwa likitafutwa kwa muda wa miaka mia moja na zaidi katika madarasa, mabweni na mashamba ya shule chache za sekondari, na katika hizo hapana iliyoubeba mzigo wa suala hili kwa muda mrefu na kwa sura nyingi kama shule ya wavulana ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1922 katika nchi ya Unyanyembe.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba desturi ya kumteua mwanafunzi hodari na kumpa zaidi ya wenzake ililetwa na Wazungu. Katika miji ya pwani na visiwani watoto walianza chuoni kwa alifu na kwa kijiti, wakasoma juzuu baada ya juzuu hata wakahitimu Kurani, na wengi wao wakaishia hapo, wakarejea katika biashara, uvuvi au ukulima wa baba zao. Ila yule ambaye mwalimu amemwona ana hifadhi na fahamu, huyo alipelekwa msikitini, akakaa katika darasa za nahau, fikihi na tafsiri, akasoma kitabu mbele ya sheikh mstari kwa mstari, naye sheikh akimkatiza, akimwuliza, akimrudisha nyuma, mpaka aridhike kwamba kilichosomwa kimefahamika. Hapakuwa na mtihani wa kuandika wala orodha ya washindi. Palikuwa na ijaza, idhini ya sheikh kwamba mwanafunzi huyu sasa aweza kukifundisha kitabu hiki kama alivyofundishwa, na idhini hiyo ilikuwa heshima na mzigo kwa wakati mmoja, kwa kuwa aliyeipokea hakuwa na ruhusa ya kuificha elimu yake.

Huko Unguja, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, darasa zilizosifika kuliko zote zilikuwa za Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi, na za Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefundisha Ukutani. Nao wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Miongoni mwa vijana waliosafiri kwenda kuchota kwao alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoa magazeti yake, Sahifa na al-Islah, ili kuwazindua watu wake juu ya elimu, umoja na maendeleo. Katika maisha yake yamo mambo matatu ambayo msomaji atayakuta tena na tena katika historia hii: kijana alitambuliwa na jamaa na walimu wa kwao, akapelekwa kwa mabingwa waliomzidi, ambao mbele yao sifa za nyumbani hazikumfaa kitu, kisha akarudi akawarejeshea watu alichokipata. Likikosekana moja katika matatu hayo, malezi ya mwenye kipawa huwa pungufu, hata kama majengo ni ya fahari na vitabu ni tele.

Wadachi walipoitwaa nchi ya bara walihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida, wakafungua shule ya serikali mjini Tanga mapema katika miaka ya 1890. Shule hiyo iliwafundisha vijana kwa Kiswahili, ikawa na kiwanda chake cha kupiga chapa, na humo likatoka gazeti la Kiongozi, ambalo wanafunzi na walimu waliosambaa nchini waliliandikia habari za huko waliko. Ufundi wa shule ile haukuwa haba, na wahitimu wake walienea mahali pengi; lakini haja ya mwenye shule ilikuwa mtumishi hodari, na mtumishi hodari hutakiwa ajue kujibu vizuri kuliko kuuliza. Vita Kuu ya Kwanza ikaivunja kazi hiyo. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji wa Tabora, na baada ya vita nchi ikatiwa katika mikono ya Waingereza, ambao mwaka 1920 waliunda idara ya elimu, na miaka miwili baadaye wakafungua shule yao kuu katika mji huo, njia panda ya misafara ya zamani na ya reli ya kati.

Kusudi la kwanza la Tabora halikuwa kutafuta akili. Lilikuwa kutafuta ukoo. Serikali ilitaka kuwatawala watu kwa kupitia machifu wao, siasa ambayo Gavana Donald Cameron aliitia nguvu alipofika mwaka 1925, na kwa hiyo ilitaka watoto wa machifu na wa majumbe wafundishwe namna ya kuandika, kuhesabu kodi, kusikiliza mashauri na kuamuru. Mfano uliofuatwa ni ule wa shule za bweni za wakubwa wa Uingereza, hata maofisa wakaifananisha Tabora na Eton: bweni, viranja, michezo, kengele ya alfajiri na kengele ya usiku, na imani kwamba uongozi hufunzwa kwa kuishi pamoja kuliko kwa kusoma peke yake. Pale Malangali, katika nyanda za juu za kusini, walijaribu njia nyingine, wakataka mila, ngoma na mafunzo ya wazee yawe sehemu ya masomo. Jaribio hilo halikudumu, na njia ya Tabora ndiyo iliyoshinda.

Lakini shule, ikisha kufunguliwa, haimtii daima aliyeifungua. Mtoto wa chifu asiyependa kusoma hawezi kulindwa na ukoo wake mbele ya hesabu iliyomshinda, na mtoto wa mtu wa kawaida aliyefaulu mtihani wa wilaya hawezi kurudishwa nyumbani daima kwa sababu baba yake hana kiti cha enzi. Kidogo kidogo, katika miaka ya 1930, mtihani ulichukua mahali pa nasaba. Kwa hiyo katika orodha ya waliosoma Tabora yupo Abdallah Said Fundikira, mrithi wa utemi wa Unyanyembe, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya uhuru. Na yupo pia Rashidi Mfaume Kawawa, mtoto wa mwindaji wa tembo, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Wote wawili walikalia madawati ya shule moja, na hapo ndipo jawabu la kwanza la historia hii, jawabu la nasaba, lilipoanza kushindwa.

Kati ya njia hizo mbili, ya ukoo na ya mtihani, alipita kijana mmoja aliyetoka Butiama. Julius Kambarage Nyerere alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, lakini baba yake alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na kijana hakupelekwa shule mpaka alipofika umri wa kama miaka 12, mwaka 1934, alipoingizwa katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Huko alisoma kwa kasi ambayo walimu wake hawakuizoea, akafaulu vizuri mno mtihani wa kuingia shule ya juu, na mwaka 1937 akapanda kwenda Tabora, alikokaa hadi mwaka 1942. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba huko alishiriki sana katika midahalo, na kwamba alipokuwa kiranja alizipinga fadhila ambazo viranja walizifaidi na wenzao wakazikosa. Mambo hayo mawili yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko alama zake za mitihani, kwa sababu yanaonyesha shule ilimpa nini na yeye aliirudishia nini: shule ilimpa mahali pa kushindana kwa hoja, naye akaitumia hoja kuisahihisha shule.

Mdahalo, kwa hakika, ulikuwa chombo bora kuliko vyote katika malezi ya wanafunzi hodari wa zama zile. Darasani mwanafunzi mwepesi wa kufahamu hulala. Amekwisha kulipata jibu wakati mwalimu bado anaandika swali ubaoni, na akili isiyokutana na kizuizi huzoea uvivu ikadhani kuwa uvivu huo ndio ubingwa. Katika mdahalo, kinyume chake, hapana jibu lililokwisha kuandikwa nyuma ya kitabu. Kijana hulazimika kuitetea hoja ambayo pengine haiamini, kuisikiliza ya mpinzani mpaka mwisho, na kushindwa hadharani bila ya kuikosa adabu. Haya yalifanyika kwa Kiingereza, lugha ngeni kwa kila aliyekuwamo, na ugeni huo ulikuwa shida kwa walio wengi na mafunzo kwa waliouvumilia. Na kwa kuwa vijana walitoka kila pembe ya nchi, nje ya darasa Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Mwaka ule ule ilipofunguliwa Tabora, 1922, Makerere nayo ilianzishwa huko Uganda kama shule ya ufundi, na kadiri ilivyopanda daraja ndivyo ilivyokuwa mlango wa pekee wa elimu ya juu kwa vijana wa Tabora. Nyerere aliuingia mwaka 1943, akatoka na cheti cha ualimu, akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.

Upande wa pili wa mpaka, suala lile lile lilikuwa likijibiwa kwa namna nyingine. Madhehebu ya Kiprotestanti yaliyokuwa yakifanya kazi Kenya yaliungana, na tarehe 1 Machi 1926 yakafungua Alliance High School huko Kikuyu, chini ya G. A. Grieve. Miaka ya mwanzo shule iliwaandaa vijana kwa ualimu, kilimo na kazi za ofisini. Lakini mwaka 1940 ilipata mkuu mpya, Edward Carey Francis, ambaye aliacha kazi ya kufundisha hisabati katika chuo kikuu cha Cambridge, akaja Kenya mwaka 1928, akaiongoza Maseno kwa miaka 12 kisha Alliance kwa miaka 22. Huyu alikuwa mtu mkali wa nidhamu, mwenye imani isiyoyumba kwamba mtoto wa Kiafrika aweza kulifikia shina la hisabati kama mtoto mwingine yeyote ulimwenguni, na kwamba kumpunguzia kipimo kwa huruma ni kumdharau. Alipostaafu mwaka 1962 hakurudi kwao kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida mjini Nairobi, hata mauti yakamkuta mwaka 1966.

Matunda ya Alliance yanajulikana. Eliud Mathu, aliyesoma na kufundisha hapo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mwaka 1944, na serikali ya uhuru ya mwaka 1963 ilikuwa na mawaziri kadha wa kadha waliopita katika mabweni yale. Lakini lipo jambo la ndani zaidi, nalo limesimuliwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi wa Alliance toka mwaka 1955 hadi 1958, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipambana na wapiganaji wa msituni. Kijana huyo alirudi likizo baada ya muhula wake wa kwanza akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Ndugu yake alikuwa msituni na wapiganaji, naye mwenyewe alikuwa akisoma tamthilia za Shakespeare katika shule iliyosimamiwa na taifa lile lile lililobomoa nyumba ya mama yake. Mwanafunzi hodari wa zama za ukoloni aliishi katika nchi mbili kwa wakati mmoja, na hapana mtaala uliomfundisha namna ya kuzipatanisha. Wengine walikata shauri kuisahau nchi moja. Walio bora waliibeba elimu ya huku wakaitumia kwa ajili ya kule, kama alivyofanya Ngũgĩ alipokuja kuandika kwa Kigikuyu, na kama alivyofanya Nyerere mwaka 1963 alipoitoa kwa Kiswahili tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar.

Hadi hapa wateule walikuwa ama watoto wa wenye vyeo ama watoto waliobahatika kuwa karibu na shule ya misheni. Mwaka 1959 Nairobi ikaonyesha kwamba kipawa hakichagui mlango. Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Starehe Boys Centre kwa vijana waliokuwa wakizagaa mjini bila ya makao, wengi wao wakiwa wameachwa hivyo na misukosuko ya Hali ya Hatari. Mabanda ya mwanzo yalikuwa duni kabisa; hatimaye ikawa shule ya sekondari iliyosimama bega kwa bega na shule kongwe katika mitihani ya taifa, huku wanafunzi wake wengi wakisoma bila ya kutoa karo. Wito wake ni wa Kiswahili, Natulenge Juu, na siri yake haikuwa huruma. Yatima aliyeingia Starehe hakuambiwa kwamba kwa kuwa ameteseka atatakiwa kidogo; aliambiwa atatakiwa yote. Palikuwa na baraza ambapo mwanafunzi aliweza kusimama mbele ya mkurugenzi akatoa lalamiko lake bila ya hofu, palikuwa na viranja waliopewa madaraka ya kweli, na palikuwa na desturi ya utumishi wa hiari, ambayo kwayo vijana walikwenda wakati wa likizo kufanya kazi za umma bila ya ujira. Griffin aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005.

Yafaa hapa kutaja kwa uwazi dhuluma ambayo historia hii ilikaa nayo kwa muda mrefu mno. Mabinti walitafutwa baadaye, wakapewa nafasi chache, na aghalabu waliandaliwa kuwa wake wa wasomi kabla ya kufikiriwa kuwa wasomi wenyewe. Tabora ilikuwa na shule ya wasichana tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na Kikuyu ikapata ya kwake mwaka 1948. Huko Morogoro masista wa Maryknoll walianzisha Marian College, ambayo baada ya shule za misheni kutaifishwa iliitwa Kilakala. Alipotoka Marian College, Gertrude Mongella alipanda hata akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na baadaye Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mtu akitafakari ni wangapi wenye akili kama yake waliobaki wakitwanga na kuteka maji kwa sababu tu hapakuwa na kitanda kimoja zaidi bwenini, hataweza kuzisoma sifa za shule za wavulana bila ya kuhuzunika.

Uhuru ulipofika Tanganyika ulikuta hesabu ya kutisha. Mwaka 1961 wanafunzi wote wa shule za sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Nchi nzima, pamoja na hospitali zake, mahakama zake, mabwawa na barabara zake, ilikuwa iwategemee vijana ambao wangeweza kutoshea katika bwalo moja la chakula. Serikali ikaondoa ubaguzi wa rangi katika shule, ikafuta ada ya sekondari mwaka 1964, na hapo ndipo lile suala la pete lilipoulizwa kwa sauti kubwa. Ikiwa mkulima wa pamba wa Usukuma, ambaye mtoto wake hakuchaguliwa, ndiye anayemlipia mtoto wa mwenziwe chakula, vitabu na godoro, je, aliyechaguliwa ana haki ya kusema kwamba akili ni yake na matunda yake ni yake? Mwalimu Nyerere alilijibu kwa mfano: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada, akila kisha asirudi, amewasaliti.

Mfano huo ulipata mtihani wake mapema. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere, aliyekuwa Rais, akawafukuza takriban 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Wengi katika hao walikuwa matunda ya shule bora za nchi, vijana waliotangulia darasani toka utotoni. Na lililomwuma Mwalimu si kwamba walikuwa wajinga, bali kwamba elimu iliyowanoa akili ilikuwa imewafundisha pia kujiona. Mwezi wa Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, waraka ambao ulisema kwamba shule zilizorithiwa zilijengwa kwa ajili ya wachache, ziliwatenga vijana na jamii yao, ziliwafanya waamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na ziliichukua nguvu kazi bora ya nchi zisiitumie. Jembe likaingia shuleni kwa amri. Mahali pengine lilikuwa somo la kweli. Mahali pengine likawa adhabu tu, na hapo kusudi lilipotea, kwa maana kijana anayelimishwa kwa hasira hujifunza kulichukia shamba na kumchukia pia mkulima.

Katika miaka iliyofuata mizani ilielemea upande wa wengi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa kwa mikoa ili mikoa iliyoachwa nyuma na ukoloni isiachwe tena. Haki hiyo ilikuwa ya lazima, nami siandiki haya kuilaumu. Lakini taifa lilihitaji pia wahandisi, madaktari na wanahisabati wa kiwango cha juu kabisa, na kwa haja hiyo likawa na shule zinazoitwa shule za vipaji maalumu: Ilboru huko Arusha, Mzumbe, Kibaha, Tabora ya wavulana, na kwa wasichana Tabora, Kilakala na Msalato. Asili zao ni mbalimbali. Ilboru ilianzishwa na Walutheri. Kibaha ilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordic katika mradi uliounganisha shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ukakabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, naye Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa Rais, alisoma hapo toka mwaka 1966 hadi 1969. Zimekutanishwa na sharti moja, kwamba anayeingia awe amewashinda wengi katika mtihani wa darasa la saba, bila ya kuulizwa baba yake ni nani.

Mtoto aingiapo katika shule ya namna hii hupambana na mambo ambayo hakuna aliyemwonya. Kijijini alikuwa wa kwanza kila muhula, na jina lake lilitajwa mbele ya wazazi. Hapa amezungukwa na vipanga, kama vijana wanavyowaita wenzao wenye akili, na muhula wa kwanza huenda akajikuta wa thelathini. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na sasa fizikia na historia zinamjia kwa Kiingereza. Aliyezoea kusifiwa hana silaha ya kumkinga na aibu hiyo, na wako waliovunjika hapo wakajiona hawana akili tena, ilhali akili yao ni ile ile. Ndipo inapoonekana tofauti ya shule inayokusanya wenye vipawa na shule inayowalea. Ya kwanza hujivunia alama walizokuja nazo. Ya pili huwapa mwalimu anayelijua somo lake kupita kitabu, maswali yasiyo na jibu jepesi, kundi la wenzao wa kubukua pamoja usiku, ambamo mwepesi wa hesabu humfundisha mwenye ufasaha wa lugha na kufundishwa naye, mdahalo wa kuwanyenyekeza na kuwanoa, na mtu mzima wa kumkimbilia siku matokeo yatakapotoka mabaya.

Katika historia yote hii msaada na mtihani mgumu havikuwa vitu viwili vinavyogombana. Sheikh aliyemrudisha mwanafunzi nyuma mara saba katika ukurasa mmoja ndiye aliyempenda. Carey Francis aliyekataa kupunguza kipimo ndiye aliyewaamini vijana wake. Starehe iliyomtaka yatima alenge juu ndiyo iliyomvika nguo. Mwenye kipawa akifadhiliwa bila ya kushindanishwa huoza kwa sifa, na akishindanishwa bila ya kushikwa mkono huvunjika.

Leo hii, baada ya shule za sekondari za kata kuenea kila pembe na ada kufutwa tena hadi kidato cha nne mwaka 2016, wapo wanaouliza kama shule za vipaji zina haja ya kuwapo, na kama si uonevu kuwapa wachache walimu na maabara ambazo wengi hawana. Mimi naona zina haja, kwa masharti ambayo historia yenyewe imeyaweka. Mlango wake uwe wazi kweli kwa mtoto wa mfugaji na wa mvuvi, na kwa binti sawa na kijana wa kiume. Maana shule ya wateule ikiwa ya watoto wa wenye uwezo tu, itakuwa imerudi kwenye Tabora ya mwaka 1922, ile ya ukoo, ila ukoo wa siku hizi ni fedha. Walimu wake wabobee, wathaminiwe, wasiachwe wakahangaikia mkate. Na elimu yake isitengane na watu: kijana wa Ilboru au Kilakala awe na shule ya kata iliyo jirani anayoijua kwa jina, ambako kila juma huenda kuwafundisha hesabu watoto wasiochaguliwa, ili alipe sehemu ya deni lake akingali mwanafunzi, wala asingoje mpaka awe mkubwa na kulisahau. Masheikh wa Unguja waliliweka sharti hilo ndani ya ijaza kabla haijajengwa sekondari yoyote katika nchi hizi, kwamba anayepewa elimu hupewa pamoja na wajibu wa kuitoa; na shule itakayolitimiza, hata ikiwa maskini wa majengo, itakuwa imestahili kukabidhiwa watoto bora wa taifa.